Jinsi ya Kupaka Utando wa Kinga kwenye Bodi ya Saketi Uliyotengeneza Nyumbani, Bila Kufungia Uchafu Ndani

Kila masika yakianza napokea picha zilezile. Bodi imetengenezwa vizuri, imepakwa varnishi inayong'aa kama kioo, halafu chini ya ule mng'ao kuna ukijani umetambaa kati ya miguu miwili ya aisi (IC, kile kipuri cheusi chenye miguu mingi). Mwenyewe anauliza: "Fundi, nimepaka tabaka tatu, mbona imekufa?"

Imekufa kwa sababu utando haukuzuia kitu kuingia. Ulizuia kitu kutoka. Fluksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), chumvi ya dawa ya kulia shaba, jasho la vidole na unyevu wa asubuhi vyote vilikuwa tayari juu ya bodi, ukavifunikia humohumo. Tena hakuna utando wa kopo usiopitisha mvuke hata kidogo. Mvuke unapita polepole, unakutana na ile chumvi, na kazi ya kutu inaanza gizani ambako huwezi kuifuta.

Kwa hiyo usishangae sehemu kubwa ya mwongozo huu ikiwa ni mambo ya kufanya kabla hujafungua kopo. Nimeulenga kwa bodi zinazokaa pagumu: kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga, taima ya pampu ya shambani, chaja ya sola juu ya bati, mashine ya uzio wa umeme. Ukiwa Marangu au Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, adui wako ni ukungu. Ukiwa kando ya barabara ya vumbi Arusha, adui ni vumbi linaloshika unyevu. Maandalizi ni yaleyale.

## Vifaa vya kuwa navyo mezani

- Kopo la utando wa akriliki wa bodi za saketi. Ukikosa, klia (varnishi isiyo na rangi) ya sprei ya akriliki ya kopo moja, kwenye maduka ya rangi za magari.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, kwa hiyo itakuongezea kazi ya kukausha.
- Maji ya betri yasiyo na asidi, lita moja. Soma chupa mara mbili, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo.
- Bekingi soda, kijiko kimoja. Si bekingi pauda.
- Miswaki miwili laini, mmoja wa kuosha na mmoja wa mwisho usioguswa na uchafu.
- Maskingi tepu ya wapaka rangi. Selotepu huacha gundi.
- Mita ya umeme yenye kipimo cha ukinzani cha megaohm 20.
- Glavu za nitrili, barakoa na miwani.
- Boksi la katoni, balbu ya joto ya wati 40 au 60, na kipimajoto.
- Kipande cha bodi chakavu, kiasi cha kiberiti. Hiki tutakiita shahidi.

Kama unaagiza kutoka Dar es Salaam, spiriti na makopo ya sprei usiyafiche kwenye mzigo wa basi la abiria. Ni vitu vinavyolipuka moto. Sema ni nini, au tafuta usafiri wa mizigo.

### Vya kuacha dukani

Silikoni inayonuka siki. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati silikoni inakauka, nayo inakula shaba. Kama lazima utumie silikoni, chukua ile isiyo na harufu ya siki, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa vifaa vya umeme.

Rangi ya kucha. Inapasuka na kubanduka bodi ikipata joto na baridi kwa zamu. Zile za rangi na za kumetameta zina chembe ambazo hujui zimetengenezwa na nini.

Varnishi ya mbao ya mafuta. Inabaki laini siku nyingi na kunasa vumbi.

Klia ya gereji ya kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuikaza. Ni ngumu na nzuri kwa gari, lakini hadna yake ina kemikali za isosayaneti, ambazo zinaweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo.

## Hatua ya 1: Weka njia za kupimia tangu kwenye mchoro

Hatua hii ndogo inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo itakayokuambia ukweli baadaye. Unapochora bodi, pembeni weka mistari miwili ya shaba inayokwenda sambamba, isiyounganishwa na kitu chochote. Urefu sentimita 3, nafasi kati yao nusu milimita. Kila mstari uishie kwenye kiduara cha kugusia ncha ya mita.

Kama bodi yako imeshachongwa, tafuta njia mbili za jirani zisizo na uhusiano kabisa. Ukizikosa, chonga mistari hiyo kwenye kile kipande cha shahidi na ukipitishe kila hatua pamoja na bodi.

Na kwa bodi yenye umeme wa ukutani wa volti 230, acha angalau milimita 6 kati ya upande huo na upande wa volti ndogo. Usihesabu utando kama sehemu ya nafasi hiyo, wala usidhani umeifanya bodi iwe salama kushika.

## Hatua ya 2: Ua dawa ya kulia shaba kabla ya kulehemu

Feriki kloraidi, ile dawa ya kulia shaba, haiondoki kwa kusuuza bombani. Inajificha kwenye matundu uliyotoboa na kwenye kingo za njia, na kloraidi ndiyo mzizi wa ule ukijani.

1. Suuza bodi kwa maji mengi ya bomba hadi rangi ya kahawia iishe.
2. Yeyusha kijiko kimoja cha bekingi soda kwenye nusu lita ya maji. Loweka bodi dakika 5, ukisugua matundu kwa mswaki.
3. Suuza tena kwa maji ya bomba.
4. Maliza kwa maji ya betri.

Usiishie kwenye maji ya bomba. Maji ya ukanda wetu, hasa upande wa Arusha na Meru, yana madini mengi yakiwemo floraidi. Yakikaukia juu ya bodi yanaacha chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia.

Umefaulu ikiwa ukichovya pamba nyeupe kwenye spiriti na kuipitisha juu ya matundu, inabaki nyeupe. Pamba ikiwa na ukahawia, rudi namba 2.

Sasa ng'arisha shaba kwa kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia sufuria. Usitumie stiliwaya, kwa sababu nyuzi zake zinakatika na kulala kati ya njia. Shaba iliyong'arishwa inaanza kufifia upesi, kwa hiyo lehemu siku hiyohiyo, au pitisha lehemu nyembamba juu ya njia zote.

Fluksi iwe ya rozini, ile ya rangi ya asali. Fluksi ya asidi ya wapiga bati na mafundi wa rejeta haigusi bodi hata mara moja.

## Hatua ya 3: Iwashe siku nzima

Kata miguu ya vipuri iwe mifupi, kisha endesha saketi saa 24 ikiwa bado uchi. Rizista iliyokosewa au lehemu baridi (isiyoshika vizuri) itajionyesha hapa. Ukishapaka, kila marekebisho ni kukwangua kwanza.

## Hatua ya 4: Osha fluksi mara mbili, siyo mara moja

Niwaeleze kwa nini nashikilia hatua hii.

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea mama mmoja wa Kibosho kidhibiti cha mashine ya kutotolesha. Niliifuta bodi juujuu kwa spiriti ya bluu, nikapaka klia tabaka tatu, nikamkabidhi. Mwezi wa nne akanipigia: "Mwanangu, mashine inasema joto lipo, lakini nikiweka mkono ndani ni baridi." Nilipofika mayai 60 yalikuwa yameshaharibika.

Nilifungua boksi na kugusa utando kwa ukucha. Ulibanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake kulikuwa na fluksi ya njano, inanata kama asali iliyomwagika juzi, na katikati ya waya mbili za sensa ulikuwepo uzi wa kijani mwembamba kuliko unywele.

Ule uzi ulikuwa unapitisha umeme kidogo sana, na kidogo hicho kinatosha. Sensa nyingi za mashine hizi zina ukinzani wa kiloohm 10 katika nyuzi joto 25, na zikifika nyuzi joto 37.5 zinasoma karibu kiloohm 6. Ukiongeza kando yake uvujaji wa kiloohm 100 tu, namba inashuka zaidi, kidhibiti kinadhani joto limezidi kwa zaidi ya nyuzi 1, kinazima hita. Uvujaji ukikua, uongo nao unakua. Yule mama alikuwa ameweka hela ya ada kwenye mayai yale. Tangu hapo sipaki bodi ambayo sijaiosha hivi:

1. Vaa glavu. Mimina isopropili kwenye kisahani, kamwe usichovye mswaki ndani ya chupa.
2. Lowesha bodi na sugua upande wa lehemu kwa duara ndogondogo, dakika 2. Ingiza nywele za mswaki chini ya aisi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme).
3. Simamisha bodi wima, mwagia spiriti safi kutoka juu ili ile chafu itiririke nje. Ukiiacha ikauke hapohapo, fluksi haijaondoka, umeisambaza tu.
4. Mwaga ile ya kisahani. Weka mpya. Rudia yote kwa mswaki wa pili.

Utando mweupe kama unga ukibaki baada ya kukauka, usiupuuze. Hiyo ni fluksi iliyoyeyuka nusu. Sugua tena kwa spiriti mpya. Fluksi zinazouzwa kuwa hazihitaji kuoshwa nazo zioshe, kwa sababu utando haushiki vizuri juu yake.

Spiriti ya bluu ina rangi na viungo vinavyobaki juu ya bodi. Iacheni kwa majiko.

Onyo: spiriti inashika moto kwa mvuke wake. Pasi ya kulehemu izimwe, jiko la mkaa lisiwe chumba kimoja, madirisha yawe wazi.

Kuanzia sasa bodi inashikwa kingo tu.

## Hatua ya 5: Kausha kwa joto, siyo kwa macho

Bodi inaonekana kavu muda mrefu kabla haijakauka. Ubao wenyewe wa bodi hunywa unyevu, na chini ya aisi kuna maji yasiyoonekana.

Ning'iniza balbu ndani ya boksi la katoni, mbali na kuta zake. Toboa matundu mawili juu ya kutolea mvuke. Weka bodi na shahidi ndani, funga, na subiri kipimajoto kisome nyuzi 50 hadi 60. Acha saa 2. Kapasita za kawaida zimetengenezwa kwa nyuzi 85 au 105, hazitaumia. Betri zote zitolewe kwanza, na usiache balbu inawaka huku umetoka nyumbani.

Jua linafaa Januari. Mwezi wa sita na wa saba, Arusha ikifunikwa na mawingu kutwa, usilitegemee. Na msikaushie juu ya mkaa: moshi wake unapaka masizi, na masizi yanapitisha umeme.

### Kipimo cha pumzi

Hapa ndipo ile mistari miwili inapolipa. Acha bodi ipoe. Weka mita kwenye megaohm 20, gusa viduara viwili bila vidole kugusa chuma cha ncha. Mita itaonyesha kwamba hakuna njia, yaani OL au namba 1 peke yake kushoto.

Sasa sogeza mdomo umbali wa kiganja na pumua juu ya mistari, pumzi ya joto kama unayofutia miwani, sekunde 3.

- Mita ikibaki kimya, au ikicheza na kurudi mara moja, bodi ni safi.
- Mita ikishuka na kusoma namba, tuseme 8, halafu 3, kisha ipande taratibu kama inayojivuta, kuna chumvi. Pumzi yako imeipa maji na imeanza kupitisha umeme. Rudi hatua ya 4.

Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kimeniokolea bodi nyingi kuliko kopo lolote. Ukimaliza, rudisha bodi kwenye boksi la joto nusu saa ili unyevu wa pumzi utoke.

## Hatua ya 6: Ziba visivyotakiwa kupakwa

Funika kwa maskingi tepu: soketi na plagi zote, viungio vya skrubu, swichi, potenshiomita, rilei iliyo wazi, baza, maikrofoni, sensa ya unyevu, sehemu inayogusana na hitisinki, na viduara vyako vya kupimia. Sensa ya unyevu ikipata tone moja imekwisha.

Bana kingo za tepu kwa ukucha. Sprei hupenya pasipobanwa.

## Hatua ya 7: Chagua saa, kisha paka nyembamba

Paka kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Asubuhi na mapema kuna umande, na alasiri ya kiangazi upepo unaleta vumbi. Kama una kile kipima unyevu cha mashine ya kutotolesha, kitumie: kikisoma zaidi ya asilimia 65, subiri.

Sababu ni hii. Kiyeyushio, yaani kile kimiminika kinacholainisha klia ndani ya kopo, kinapopaa kinaipoza bodi ghafla. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, matone ya maji yanajikusanya juu ya utando mbichi kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Utando unageuka mweupe wa maziwa. Watu wa Marangu na Machame ndio wanaoniandikia zaidi kuhusu weupe huu, na wanadhani kopo ni feki. Mara nyingi kopo ni zima, ni ukungu tu. Dawa yake ni kuipasha bodi hadi iwe vuguvugu mkononi kabla ya kupaka, na kupaka tabaka nyembamba zaidi.

1. Laza katoni ubavu ili iwe kibanda kisichopitisha upepo, nje ya nyumba au penye hewa nyingi. Vaa barakoa na miwani.
2. Tikisa kopo dakika 2. Jaribu kwanza kwenye shahidi.
3. Shika kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye bodi, limeinama nusu ya pembe mraba. Anza kupuliza nje ya bodi, pita juu yake, malizia nje. Usisimamishe kopo juu ya bodi.
4. Geuza bodi robo mzunguko, pita tena. Fanya hivyo pande zote nne, ili utando ufike nyuma ya kila kipuri.
5. Subiri dakika 20 hadi 30, au kama kopo linavyosema.
6. Rudia tabaka ya pili. Ya tatu ni kwa bodi za nje tu.
7. Upande wa pili, vivyo hivyo.

Unene unaotafutwa kwa akriliki ni mikromita 30 hadi 130, yaani kati ya nusu ya unywele na karibu nywele mbili. Utando mnene haukingi zaidi: juu yake unakauka, chini unabaki mbichi, na baadaye unapasuka.

Umefaulu ikiwa unaona umbo la kila mguu wa aisi bila dimbwi kati yake, na mng'ao ni mmoja. Viputo na madimbwi vinamaanisha kopo lilikuwa karibu mno.

## Hatua ya 8: Subiri saa 24, kisha kagua

Toa maskingi tepu baada ya saa moja, utando ukiwa haujawa mgumu, kwa kuivuta taratibu ikijikunja nyuma. Halafu iache bodi saa 24 kwenye hewa, imefunikwa na katoni. Usiiwashe, usiifungie kwenye boksi. Kiyeyushio kinachokosa pa kutokea huulainisha utando wote.

Siku ya pili kwangua shahidi kwa ukucha. Utando usibanduke wala kunata. Shahidi akishindwa, bodi nayo imeshindwa. Kitu hafifu hivyo usimkabidhi mtu.

Kagua kwa tochi iliyolazwa chini, mwanga upite kama jua la jioni. Angalia ncha za miguu ya vipuri, maana utando huzikimbia sehemu kali na kuziacha karibu uchi. Ziongezee kwa brashi ndogo. Tando nyingi za bodi zina rangi inayowaka kwenye mwanga wa zambarau, kwa hiyo azima ile taa ya wakala ya kukagulia noti bandia: palipo giza hapajapakwa. Klia ya gari huenda isiwake kabisa, hiyo si kasoro.

Rudia kipimo cha pumzi. Sasa mita isitikisike.

## Hatua ya 9: Ifunge vizuri kwenye boksi

Simamisha bodi wima ili maji yasikae juu yake. Waya ziingie kwa chini, na kabla ya kuingia kila waya ushuke ufanye kitanzi, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Toboa tundu moja dogo chini la kupumulia, uliwekee kipande cha wavu wa chandarua. Sisimizi wanapenda joto la bodi, na wakijenga kati ya rilei hakuna utando utakaosaidia.

## Ukihitaji kurekebisha baadaye

Akriliki inalainika kwa asetoni. Chovya kijiti cha pamba, gusa sehemu ile tu, subiri dakika moja, futa. Asetoni inayeyusha na baadhi ya plastiki, iepushe na soketi na skrini. Badilisha kipuri, osha kama hatua ya 4, kausha, pumua, paka kiraka kinachozidi kidonda kwa nusu sentimita kila upande.

Bodi uliyoikuta imepakwa na mtu mwingine, na utando wake ni mgumu usiosikia asetoni, usiuchome kwa pasi ya kulehemu. Huenda ni polyurethani, na moshi wake ni sumu. Ukwangue kwa kisu kidogo, taratibu, madirisha yakiwa wazi.